Acha daraja livunjike kwanza

Juzi mwalimu mwenzangu wa Kwale aliniandikia: "Nasikia wafundisha uhandisi kwa gemu. Nianzie wapi?" Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Miaka sita iliyopita neno hilohilo, gemu, lilinitoa machozi mbele ya mkubwa wangu wa kazi.

Nilikuwa nafundisha madaraja. Kila muhula najaza ubao vishale: kipande hiki kinavutwa, kile kinagandamizwa. Wanafunzi wananakili, mtihani unakuja, wengi wanaanguka. Nikachoka. Nikanunua Poly Bridge, gemu iliyotoka 2016, nikaifungua kwenye laptop yangu na kuirusha ukutani kwa projekta. Unapewa bajeti, mbao, chuma na nyaya, ujenge daraja gari livuke. Mzigo ukizidi, kipande kinabadilika rangi kutoka kijani kuelekea nyekundu, kisha kinakatika.

Binti mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye tangu muhula uanze sikuwahi kuisikia sauti yake, alijenga daraja la miraba mitupu. Gari likaingia, miraba ikalala upande kama kitanda kilicholegea misumari, gari likatumbukia. Darasa zima kelele. Yeye akaangalia tu, akarudi, akatia kipande cha mshazari katika kila mraba. Gari likapita. Akageuka: "Mwalimu, kumbe pembetatu hailali!"

Ndiyo hiyo. Mraba waweza kupinda kwenye viungo vyake bila kipande chochote kubadilika urefu. Pembetatu haiwezi, mpaka kipande kimoja kivutike au kifupike. Miaka kumi nilikuwa naisema kwa vishale, binti akaisema kwa maneno mawili.

Kelele zile zilifika ofisini. Nikaitwa, nikaambiwa chuo si kibanda cha gemu, na projekta ikachukuliwa. Sijasahau. Hakuna aliyeniuliza wanafunzi wamejifunza nini.

Niliendelea kwa laptop peke yake, wanafunzi wameizunguka kama wacheza bao na watazamaji wao. Nilichogundua ni hiki: kabla gari halijaingia, kila mmoja aandike kwenye karatasi ni kipande gani kitakatika kwanza na kwa nini. Asiyeandika hagusi kompyuta. Bila karatasi wanabahatisha tu, wanabandika chuma kila mahali mpaka lisimame. Likishavunjika, hapo ndipo utoe kalamu na hesabu, daraja lilelile, kiungo kwa kiungo. Sasa wanaitaka hesabu, kwa sababu wameona gari likizama.

Kisha watoe nje. Gemu haijui chumvi. Mimi huwapeleka kwenye daraja la Nyali hapa Mombasa, la zege, lililofunguliwa 1980 kuchukua nafasi ya lile lililoelea tangu 1931. Tunasimama upepo wa bahari ukitupiga, nawaeleza jinsi chumvi inavyopenya kwenye zege mpaka kwenye nondo, nondo zikashika kutu, kutu ikafura na kupasua zege kutoka ndani. Kutu ya ndani haikuonyeshi nyekundu ya kukuonya mapema kama gemu.

Walimu wenzangu, tusiwanyime vijana nafasi ya kukosea pasipoumia mtu. Wasipokosea darasani watakosea kwenye daraja la kweli kule Changamwe, na watu wako juu.

Wewe wa Kwale, laptop moja yatosha. Jumamosi vuka feri uje na daftari, nitakuwekea lile daraja la miraba.