Dhiki Peke Yake Haimkomazi Mtu

Wakristo wengi tumelelewa tukisikia kwamba majaribu hukomaza imani. Maneno hayo ni ya kweli, ila yanahitaji kuongezewa jambo moja, kwamba dhiki peke yake haimkomazi mtu yeyote. Nimewaona watu waliotoka katika ugonjwa au msiba wakiwa wameliacha kanisa kabisa, na nimewaona wengine waliopita njia hiyo hiyo wakatoka na imani ambayo hawakuwa nayo hapo awali. Kwa kadiri nilivyoshuhudia, kilichowatofautisha hakikuwa ukubwa wa shida, bali ni jinsi walivyosema na Mungu wakiwa ndani yake, na kama walikubali kubebwa na wenzao.

Ninaandika nikiwa mume wa mwanamke ambaye figo zake zilishindwa kufanya kazi watoto wetu wakiwa bado wadogo. Tangu hapo maisha ya nyumba yetu hufuata ratiba ya mashine ya kusafisha damu: mara tatu kwa wiki, kwa muda wa takriban saa nne kila mara, naye akiwa amejifunika blanketi kwa sababu baridi humwingia hata mchana wa jua kali. Maji anayoruhusiwa kunywa kwa siku hupimwa kwa kikombe, chai na mchuzi vikihesabiwa humo humo. Kwenye mkono wake wa kushoto, pale daktari alipounganisha mishipa miwili ya damu, ukiweka kidole unahisi mtetemo mdogo usiokoma. Kila asubuhi huugusa kuhakikisha upo, maana ukipotea huenda mshipa umeziba, na sala yake ya asubuhi huisali kidole kikiwa bado pale.

Ushauri ninaoutanguliza kwa yeyote aliyeingia katika hali kama hii ni kwamba amwambie Mungu ukweli. Tuna desturi ya kuharakisha kusema "ni mapenzi ya Mungu" kabla hata machozi hayajakauka, kana kwamba kulalamika ni dhambi, ilhali Zaburi ya 13 inaanza kwa kilio cha wazi: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Zaburi ya 88 ni nzito zaidi, kwa kuwa inaishia gizani bila mstari hata mmoja wa shukrani, na bado watu wa Mungu waliihifadhi miongoni mwa sala zao. Kuna kipindi kirefu ambacho mke wangu hakuweza kusali sala nyingine yoyote ila hiyo. Nikimsikiliza, nilielewa kwamba anayemlalamikia Mungu bado yuko mbele zake na bado anatazamia jibu kutoka kwake, na sijui imani ni nini kama si hiyo.

Jambo la pili ni gumu zaidi kwetu wanaume, nalo ni kukubali kubebwa. Katika Marko sura ya 2, watu wanne wanamleta mwenye kupooza, wanatoboa dari na kumshusha, na Injili inasema Yesu aliiona imani yao. Mgonjwa mwenyewe hatuambiwi kwamba alisema neno lolote. Siku ambazo mimi na mke wangu hatukuwa na nguvu ya kusali, jumuiya yetu ilihamishia ibada ya katikati ya wiki nyumbani kwetu, wakaimba na kusali huku sisi tumekaa kimya. Kina mama wa jumuiya walikwenda mbali zaidi, kwani waliuliza chakula kinachomfaa, wakajifunza kukatakata ndizi na viazi, kuviloweka, kuvichemsha na kumwaga maji ya kwanza ili kupunguza potasiamu ambayo figo zake haziwezi kuitoa. Nilipoiona sufuria ile ikimwagwa maji na mtu asiye ndugu yetu wa damu, nilielewa mahubiri mengi ya upendo niliyokuwa nimeyasikia tangu utotoni.

Ni lazima niseme pia kuhusu wale wanaokuja na ahadi. Anapougua mtu, hawakosekani wahubiri wa kumwambia kwamba akitoa sadaka fulani atapona, au kwamba kuendelea na matibabu ni kukosa imani. Ninawasihi wasomaji wasikubali jambo hilo, kwa kuwa mgonjwa wa figo akiacha kusafishwa damu anaweza kufa ndani ya siku chache. Mtume Paulo, ambaye wagonjwa waliponywa kwa mikono yake, alimwandikia Timotheo kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa, wala hakumlaumu kwa upungufu wa imani. Yeye mwenyewe aliomba mara tatu aondolewe kile alichokiita mwiba katika mwili wake, akajibiwa: "Neema yangu yakutosha."

Mara nyingi huwa nalikumbuka Kanisa la Uganda, yaani Kanisa la Kianglikana la nchi hiyo, la mwaka 1977, lilipokuwa likitimiza miaka 100. Mwezi Februari mwaka huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na waumini walikusanyika Namirembe, kwenye kanisa kuu la Kianglikana jijini Kampala, kando ya kaburi lililokuwa tupu, kwa sababu serikali haikuutoa mwili wake. Uthabiti wao haukuzaliwa wiki ile. Luwum aliokoka mwaka 1948 katika Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la kiroho ambalo watu wake walikuwa na mazoea ya kukutana mara kwa mara, kuungama waziwazi na kuombeana, na dhiki ilipofika iliwakuta tayari wamezoea kuambiana ukweli mbele za Mungu. Ndiyo maana humshauri hata yule ambaye mambo yake yanamwendea vizuri asikose jumuiya.

Kwa aliyepokea majibu mabaya ya hospitali wiki hii, ushauri wangu ni mfupi. Soma Zaburi ya 13 kwa sauti, hata kama huwezi kufika mstari wa mwisho. Kisha mwite mzee wa kanisa umtajie mahitaji yako kwa majina yake: nauli ya kwenda kliniki, mtu wa kuwapokea watoto wakitoka shule, mtu wa kukaa na mgonjwa usiku mmoja ili wewe ulale.