Mama yako wa Kajengwa bado yuko eda

Makunduchi, 15 Oktoba

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma, nikaulalia, nikauamkia. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, niliaga wiki sita na sasa nimeingia mwezi wa tano, tiketi nimeisogeza mara mbili, nafanya nini huku kutwa nzima? La pili umeliandika kwa maneno machache, na nahisi ulilifuta kabla ya kulirudia: "Kwani hapa kwangu si kwako?"

Kwenye simu hatuwezi kulimaliza. Mtandao unakatika, na wewe watoto wanakuvuta nguo. Nimeomba karatasi kwa jirani, nakuandikia kwa mkono, mjukuu wake atazipiga picha akuletee.

Nilipokuja nilikuwa na wiki sita kweli, sikukudanganya. Tarehe 9 mwezi wa sita nilishuka kwenye gari ya 310 na mabegi yangu, kipupwe kimeshaanza, kusi linavuma, na mama zako watatu wamesimama kituoni wamejifunga kanga kichwani kwa baridi. Unawajua kwa majina, lakini mimi tangu utotoni nawaita kwa mitaa yao: wa Kajengwa, wa Nganani, wa Mzuri. Tumesoma chuo kimoja cha Kurani na skuli moja, tumekwenda pwani pamoja tangu hatujui kufunga kanga. Nilipoondoka mwaka 1994, wewe uko mgongoni, hawa ndio walionisindikiza mpaka bandarini Mjini Unguja.

Siku ya kumi na tisa tangu nifike, mume wa mama yako wa Kajengwa alifariki. Aliswali alfajiri, akarudi kulala, hakuamka. Hilo nilikwambia. Nisilokwambia, kwa sababu sikujua nilisemeje kwenye simu, ni lililotokea usiku wa pili wa matanga.

Hapa wanawake wana chama chao cha kufa na kuzikana. Akifiwa mmoja, kila mwanachama anatoa chake, linafunguliwa daftari, jina linatiwa alama, pesa zinakwenda kwenye mchele, sukari na khitma. Mimi nimekaa mkekani na wenzangu, nikafungua pochi nami nitoe. Mama yako wa Mzuri, ndiye anayeshika daftari, akaniambia, "Wewe umeshatoa." Nikadhani amenichanganya na mtu. Nikamwuliza, nimetoa lini? Akanisogezea daftari, akaniwashia tochi ya simu.

Jina langu limo, mwanangu. Limo katikati ya majina yao, shilingi 500, shilingi 1,000, baadaye 2,000, ukurasa baada ya ukurasa, na madaftari ya zamani yako kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda chake. Tangu mwaka 2003. Hakuna msiba wa mtaa huu ambao sikutoa.

Mwaka 2003 ndio aliofariki bibi yako. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja, utakumbuka mimi nimekaa kwenye ngazi za ile nyumba yetu ya kwanza hapo London na simu mkononi. Karatasi zetu zilikuwa bado hazijatoka. Ningekuja kumzika mama yangu nisingeruhusiwa kurudi kwako. Nikabaki. Jambo hilo sijawahi kulisema kwa sauti mbele yako, maana sikutaka ujione wewe ndiye sababu. Hukuwa sababu. Lakini kila mtu wa huku aliponipa pole, moyoni nilikuwa najibu: mimi si mtoto, mtoto humzika mzazi wake.

Aliyemwosha bibi yako ni mama yako wa Kajengwa. Ndiye aliyekata sanda na kumfukiza udi. Ndiye aliyekaa mkekani siku tatu akipewa mkono wa taazia mahali pangu, na watu wakampa kama mwana. Yote hayo nilikuwa nayajua juu juu. Ya daftari sikuyajua.

Nikauliza pesa zilitoka wapi, kwani mimi nilikuwa natuma za ujenzi wa kaburi, za mtihani wa binamu yako, hakuna aliyewahi kuniomba mchango wa chama. Wa Nganani ndiye aliyenijibu. Bibi yako alikuwa na shimo lake la makumbi pwani. Hukupata kuliona likifanya kazi, nikueleze. Makumbi ya nazi yanafukiwa ufukweni, maji yanapanda na kushuka juu yake, yanazungushiwa mawe yasichukuliwe, yanakaa miezi mpaka yalainike. Halafu yanafukuliwa, yanapondwa kwa mchi wa mti, yanabaki nyuzi, nazo ndizo usumba. Usumba unasokotwa kwa viganja ukawa kamba. Kila mwanamke ana shimo lake na linarithiwa kama shamba. Mwani ulipoanza kupandwa Paje na Jambiani mwaka 1989 ukatufikia na sisi, wengi waliyaacha makumbi wakaenda kwenye mwani. Mashimo mengi sasa ni mawe matupu. La bibi yako hawakuliacha. Wamelifukia na kulifukua miaka yote hii, wamesokota kamba zake, wameuza, na cha kwake wakakiandika jina langu.

Nikataka kuwalipa. Nilifungua mkoba pale pale, na ndipo nilipokosea. Wa Nganani alikasirika, akainuka. "Shimo la mama yako, kamba zako. Sisi tumekusokotea tu." Nikafunga mkoba.

Sasa nikujibu la kwanza. Mama yako wa Kajengwa amekaa eda, miezi minne na siku kumi kama ilivyoandikwa. Hatoki ila kwa dharura, hajipaki hina wala wanja, hajitii manukato, nguo zake ni za kawaida zisizo na pambo. Siku zake zinatimia mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja. Nimemwahidi nitakuwepo siku atakayotoka.

Uliniuliza, si ana wanawe? Anao, wema wote. Wawili wako Mjini na mmoja Dar es Salaam, walikuja, wakazika, wakasoma khitma, wakarudi makazini kwao, na kila Ijumaa wanapiga simu. Ukasema pia utatuma pesa awekewe msichana wa kazi. Allah akuzidishie, moyo wako naujua. Lakini hakosi mtu wa kufua. Anakosa mtu wa kukaa naye ambaye alimjua yule bwana kabla hajawa mume wake, akiwa bado kijana anayepita barazani kwetu mara nne kwa siku na hana anachokifuata. Waliobaki wanaolijua hilo ni sisi watatu, na wa Mzuri ana mwani wake, wa Nganani ana mgonjwa nyumbani. Mimi sina shamba wala mgonjwa. Zamu yangu ni ndefu kwa sababu hiyo.

Kutwa inakwenda hivi. Alfajiri maji yanatoka bombani, najaza ndoo zake na zangu. Nikishakunywa chai nakwenda Kajengwa na mwaa wangu, majani yangu ya kusukia, chini ya kwapa, tunakaa ukumbini tunasuka ukili wa mikeka. Vidole vyangu vilikuwa vimesahau. Siku za mwanzo alinifumulia kazi yangu yote mara tatu bila ya kusema neno, ananirudishia mwaa nianze upya. Sasa hafumui. Bamvua ikifika, maji yakitoka mpaka mwambani, nawafuata wanawake kutafuta pweza, na mchana napika wa nazi nampelekea. Miguu yangu haina nguvu ya zamani, nakaa nyuma, wanaingia mashimo ya mbali wao. Alasiri tunarudi kwenye ukili. Siku nyingine hatusemi kitu mpaka adhana ya magharibi. Siku nyingine anazungumza yeye tu, na mara mbili amecheka mpaka akajifunika uso kwa kanga kwa kuona haya, mjane anachekaje. Nilimwambia acheke.

Nikwambie na ya Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya kuukaribisha mwaka, maana uliuliza zile picha. Ulikuwa katikati ya mwezi wa saba, yeye yuko ndani, wiki ya tatu ya eda. Wapo watu wasioupenda Mwaka, wanasema si wa dini, na siku hizi wamezidi. Mimi sibishani nao. Kwetu ndio hesabu tuliyolelewa nayo: wazee walihesabu siku kumi kumi tangu Nairuzi, siku ya kwanza ya mwaka, miongo thelathini na sita na siku tano za juu, wakajua lini watapanda na lini watoke baharini. Wanaume walipigana kwa migomba, wa kaskazini na wa kusini, kila mwenye donge la mwaka mzima alitoe pale uwanjani, asirudi nalo nyumbani. Zamani zilikuwa bakora. Kibanda cha makuti kikachomwa, watu wakatazama moshi umeelekea wapi. Sisi wanawake tukaimba yale maneno ambayo siku nyingine hatuyasemi mbele ya mkwe. Niliimba, mwanangu. Nilikuwa nayakumbuka yote, hata yale ambayo sikuyaelewa nilipokuwa msichana.

Lakini kabla ya yote hayo ni kule kuoga, ndiko kulikoupa Mwaka jina lake. Alfajiri tunaingia baharini tunauogea mwaka. Usiku wa kuamkia siku hiyo aliniambia, "Kanikogee na mimi." Nikaenda na kidumu cha lita tano. Nilizama mara moja kwa ajili yangu na mara moja kwa ajili yake, nikajaza kidumu nikambebea mpaka Kajengwa na nguo zangu zinachuruzika. Akajimwagia uani, peke yake, mimi nimemshikia mlango. Kutoka uwanjani sauti za wanawake zilikuwa zinafika mpaka pale. Alipotoka alisema maji yalikuwa ya baridi, basi. Mchana tulikula pamoja, kwani siku ya Mwaka nyumba haipendezi ikose mgeni, na mgeni wake nilikuwa mimi. Siku chache baadaye nilitakiwa kupanda ndege. Ndipo nilipokupigia mara ya kwanza kukuomba unisogezee.

Najua imekugharimu. Mwezi wa tisa mjukuu wangu ameanza skuli na mimi sikumshika mkono siku ile. Ulinitumia picha, amevaa lile koti ambalo bado kubwa, mfuko umemzidi mgongo, na nyuma yake ni ule mlango tunaoupaka rangi pamoja kila kiangazi. Nililia, na nililia nikijua kwamba ningeweza kuwepo na nilichagua nisiwepo. Umelipa mtu wa kumchukua jioni wakati bibi yake yupo hai na mzima. Niwie radhi kwa hilo. Sikuombi uniambie kwamba si kitu.

Na la pili, kama hapo kwako si kwangu. Ni kwangu, mwanangu, kwa sababu yako wewe na wanao, na hakuna siku nimefungua mlango ule nikajiona mgeni. Huku ni kwangu hata nikiwa sipo. Sikulijua hilo mpaka lilipofunguliwa daftari. Miaka yote niliyokuwa nikisema "nilipoondoka", huku hawakuwahi kunihesabu kuwa nimeondoka. Walinihesabu kuwa niko safarini na mchango wangu umekuja. Usinione nachagua kati yako na wao. Narudi. Lakini nilitaka ujue nilikuwa nadaiwa nini, na kwa nini pesa yako nzuri haiwezi kunilipia.

Tiketi mpya ni ya tarehe 12 Novemba, asubuhi ya tarehe 13 niko hapo. Siku atakayotoka eda, ataoga, atavaa nguo mpya, atafukizwa udi, itasomwa dua, kisha nimemwahidi tutashuka pwani sote wanne, akaione bahari. Kanga doti moja tumeshamnunulia, ameikataa rangi, wa Mzuri amekwenda kuibadilisha. Wingu la vuli limeanza kukaa juu ya bahari jioni, naomba mvua isije siku hiyo.

Kitu kimoja nimekifanya bila kukuuliza. Nimemwambia wa Mzuri aandike jina lako chini ya langu. Makumbi ya shimo la bibi yako tumeyafukia upya wiki iliyopita, nimeyapanga kwa mikono yangu, na yatakuwa tayari mwakani. Kama hutaki, niambie, atalifuta, hakuna atakayeuliza.

Mwambie mjukuu wangu ule mkeka alioniomba wa kulalia wanasesere wake umekuwa mkubwa kuliko nilivyokusudia. Ukili wa kuushona umebaki pima tatu. Anitajie rangi anayoitaka pembeni, nimechemsha nyekundu na zambarau, na kijani naweza kuipata Mjini nikienda kwa mambo ya tiketi.

Mama yako