Mavazi na Mwenendo kwa Anayeanza Darasa la Dansi ya Wawili Wawili

Anayejiunga na darasa la salsa, bachata au kizomba kwa mara ya kwanza, iwe Nairobi au Dar es Salaam, huhofia zaidi hatua, ilhali kufundisha hatua ni kazi ya mwalimu. Kinachomhusu mwanafunzi ni jinsi anavyofika darasani, kwa sababu katika madarasa mengi watu hubadilishana wenzi kila baada ya dakika chache, na katika saa moja utakuwa umeshikana mikono na watu wengi ambao hujapata kuwaona.

Nianze na viatu, maana hapa ndipo wageni wengi hujiumiza. Raba za kukimbilia zimetengenezwa ili zishike ardhi. Mchezaji anapozunguka huku soli imeganda sakafuni, mwili hugeuka na mguu hubaki, na nguvu yote ya mzunguko huishia gotini. Wazoefu huvaa viatu vyenye soli ya ngozi ya kawaida au ya swedi (ngozi yenye uso wa vinyweleo laini), inayoteleza kwa kiasi, lakini hakuna haja ya kuvinunua kabla hujajua kama utaendelea. Viatu vya kawaida visivyonata, vilivyokaa vizuri mguuni, vinatosha. Ndala huchomoka, na visigino virefu vyembamba ni hatari kwa vidole vya jirani, hivyo uviache katika miezi ya mwanzo.

Nguo iwe ile inayokuruhusu kuinua mikono juu ya kichwa bila kulazimika kuivuta nguo yenyewe chini kila mara. Oga kabla ya kuja, piga mswaki, kata kucha, na ubebe taulo dogo pamoja na fulana ya pili. Kwa joto la pwani, fulana hiyo si anasa hata kidogo. Vua saa, bangili na pete kubwa, kwani mikono huteleza ndani ya mikono wakati wa kuzunguka na chuma hukwaruza. Nywele ndefu zifungwe, na ushungi ubanwe kwa namna ambayo hautaacha ncha ya pini nje. Marashi yawe kidogo sana. Kizomba, iliyozaliwa Angola na kuenea tangu miaka ya 1980, huchezwa kwa kukaribiana kifua kwa kifua, na mwenzako anayeumwa kichwa kwa harufu kali hana pa kuuelekeza uso wake.

Ukaribu wenyewe huamuliwa na yule anayetaka nafasi kubwa zaidi. Ukihisi mkono wa mwenzako umekakamaa, au anaegemea nyuma, mwachie nafasi bila kungoja aseme. Mkono wa anayeongoza, yaani anayetoa ishara ambazo mwenzake hufuata, hukaa mgongoni, karibu na bega, wala haushuki kiunoni kwa visingizio. Ikiwa kwa sababu ya imani yako, au kwa sababu yoyote nyingine, hupendi kushikwa na watu wa jinsia nyingine, mweleze mwalimu kabla ya kipindi kuanza, kwa kuwa inawezekana kabisa kujifunza na mtu mmoja uliyemchagua.

Tabia inayonisikitisha kuliko zote ni ya mwanafunzi kumkosoa mwanafunzi mwenzake. Aliyeanza mwezi uliopita humwambia aliyeanza leo kwamba hafuati vizuri, ilhali mara nyingi aliyeongoza ndiye aliyechelewa kutoa ishara, na mgeni huondoka akiamini kwamba hana kipaji. Mwachie mwalimu kazi hiyo. Maumivu, hata hivyo, yasemwe papo hapo: "Samahani, unanivuta bega, taratibu tafadhali."

Vilevile, "Hapana, asante" ni jibu kamili anapokuomba mtu dansi, na aliyekataliwa hapaswi kudai maelezo. Mtu akirudia kukushika usivyotaka, mwambie mwalimu siku hiyo hiyo. Mwalimu akilipuuza jambo hilo, tafuta darasa jingine.