Picha zinaruka, namba zinapotea: tununue programu gani?

SWALI: Shikamoo mama. Naandika mwongozo wa kufunga na kutunza pampu za maji za umeme wa jua, hapa karakanani kwetu Morogoro. Umefika kurasa 90. Kila nikiingiza picha moja, nyingine zinahamia kurasa zisizo zake, na namba za sura zinavurugika. Tunaandika wawili, na sasa tuna faili linaitwa "mwongozo mpya wa mwisho 4". Bosi yuko tayari kununua programu. Tununue ipi?
Fundi Pampu, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie bosi arudishe hela mfukoni kwanza.

Programu za kulipia zipo. Adobe FrameMaker, ya kupangia vitabu vikubwa, ipo tangu miaka ya 1980, na wenye vitabu vya kurasa elfu mbili hawajutii kuilipia. Lakini kwa kurasa 90 za pampu, hilo ni lori la tani 30 kubeba debe la mchele.

Nabahatisha unavyofanya, maana nami nilifanya hivyo miaka mingi: unaandika jina la sura, unalikoleza, unalikuza hadi 16, kisha unachapa "3.2" kwa mkono. Wewe unaona kichwa cha sura. Kompyuta inaona maneno manene tu. Itakupangiaje namba?

Pakua LibreOffice Writer, programu ya kuandikia. Ni ya bure, na ukishaipakua haili bando. Bonyeza F11, itafunguka orodha ya mitindo (Styles), yaani majina yanayoiambia kompyuta hiki ni kichwa, hiki ni maandishi ya kawaida. Weka kimstari kinachopepesa kwenye jina la sura, bonyeza Ctrl na 1. Kichwa kidogo, Ctrl na 2. Namba zipangie kwenye mtindo wenyewe, usizichape tena. Yaliyomo yatajitengeneza. Picha nayo inaruka kwa sababu ya nanga yake (Anchor), yaani mahali ilipofungwa: bofya kulia kwenye picha, tafuta nanga, uifanye ikae kama herufi, kwenye mstari wake peke yake. Hapo itatembea na hatua inayoieleza, haitaiacha.

Na usichape "angalia ukurasa wa 34". Ingiza rejeo linalojisahihisha. Mimi niliwahi kuandika mwongozo wa jenereta, ukurasa wa 34 ukiwa wa kubadili oili. Nikaongeza kurasa tatu mbele, rejeo nikalisahau. Saa nne usiku fundi ananipigia kutoka Tunduma: "Mama, oili na kupaka rangi tangi vinahusianaje?" Nilikosa jibu.

Sasa hilo la watu wawili. Hapa ndipo ningekaa zaidi, maana mitindo haitawaokoa na "mwisho 4". Faili la Writer ni furushi lililobanwa, kwa hiyo Git, ile programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, italitunza lakini haitakuonyesha mwenzako alibadili sentensi ipi. Mkiandika kwa Markdown, yaani maandishi matupu yenye alama ya reli (#) mbele ya kichwa na nyota pembeni mwa neno la kukolezwa, Git inaonyesha mstari kwa mstari: nani alibadili kipimo cha waya, lini. Kila sura iwe faili lake. Kisha programu iitwayo Pandoc inayageuza yote kuwa faili la Writer, la Word au ukurasa wa wavuti. Mtunzi wake, John MacFarlane, ni profesa wa falsafa pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Sijui wanafalsafa wetu wanangoja nini.

Kasoro zake nisikufiche. Majedwali ya Markdown ni dhaifu: jedwali la hitilafu lenye visanduku vilivyounganishwa litakutoa jasho. Na Git inataka wiki mbili za kulaani. Kama mwenzako hana subira hiyo, bakini na Writer, gawaneni sura, na mmoja wenu tu awe na ruhusa ya kuziunganisha.

Anza na sura moja, ya kufunga pampu kisimani. Ichape, umpe kijana ambaye hajawahi kufunga pampu, usimame pembeni na kalamu, mdomo umefunga. Kila akikugeukia kuuliza, weka alama kwenye hatua aliyokwama. Sura yangu ya kwanza ya jenereta ilipata alama kumi na moja, na nane zilikuwa za picha: nilipiga picha za upande wa mbele wa mashine, kijana amesimama nyuma yake.