Shemeji apelekwe India kwa mionzi ya protoni?

SWALI: Mke wangu ana miaka 37. Mwezi uliopita alitolewa uvimbe wa tezi ya thaimasi. Majibu ya maabara yanasema ni thaimoma, na chembe zake zimeonekana ukingoni mwa nyama iliyokatwa. Madaktari hapa Dar es Salaam wanataka apigwe mionzi. Ndugu wanasema tuuze kiwanja twende Chennai akapate ya protoni, ati inaponya zaidi na haina madhara. Ni kweli?

JIBU: Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Kiwanja kisiguswe kwanza.

Hilo la kuponya zaidi liondoe. Kwa mabaki ya kuonekana kwa hadubini tu, kipimo ni kama grei 54 (grei ni kizio cha kupimia mionzi), Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 5 au 6, kwa mashine yoyote ile. Tofauti iko kwenye nyama yenye afya inayozunguka palipokuwa na uvimbe.

Eksirei ya LINAC, mashine ya kawaida ya mionzi, huingia kifuani, hupita, hutokea upande wa pili. Protoni ni chembe yenye uzito na chaji: hutembea ikitoa nguvu kidogo, ikikaribia kusimama huimwaga iliyobaki, halafu basi. Zenye nishati ya MeV 150 (MeV ni kizio cha nishati ya chembe) husimama ndani ya maji kwenye sentimita 16 hivi, na sisi wanafizikia wa tiba huchagua nishati kulingana na kina. Sasa, thaimasi imekaa nyuma ya mfupa wa kidari, imeuegemea moyo. Tukiingilia mbele, sehemu kubwa ya moyo na mapafu inaweza kusalimika.

Moyo una hesabu yake. Utafiti wa mwaka 2013 wa wanawake wa Sweden na Denmark waliopigwa mionzi ya saratani ya matiti ulionyesha kila grei 1 ya wastani moyoni huongeza matukio makubwa ya mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4. Ni ugonjwa mwingine, lakini moyo ni ule ule. Shemeji ana miaka 37, na thaimoma kwa kawaida hukua polepole. Ana miaka mingi ya kuyabeba madhara hayo. Angekuwa mzee wa miaka 78 nisingekusumbua.

Lakini protoni ina udhaifu ambao wauzaji wa safari za matibabu hawautaji. Inasimama wapi inategemea imepita kwenye nini. Mgonjwa akipumua, pafu lenye hewa linaingia palipokuwa na nyama, na protoni zinapitiliza. Akikonda katikati ya tiba, vivyo hivyo. Kwa hiyo uliza: wanapiga CT, yaani picha za kompyuta za ndani ya mwili, inayofuata pumzi? Wanairudia katikati ya matibabu? Wakibabaika, LINAC iliyopangwa vizuri ni bora. Na ngozi ya kifua huungua kwa zote mbili.

Omba mipango miwili ichorwe juu ya CT ile ile, mmoja wa LINAC, mmoja wa protoni, kabla ya kukata tiketi. Tazama wastani wa grei kwenye moyo, mapafu na matiti. Wa moyo ukishuka kutoka grei 12 hadi 6, mimi ningefikiria kuuza. Kutoka 4 hadi 3, jengeni nyumba.

Hukuuliza, ila: je, kope zake huanguka jioni, au anaona vitu viwili, au anapaliwa chakula? Thaimoma mara nyingi huambatana na ugonjwa wa misuli kulegea, mayastenia. Daktari aambiwe kabla ya siku ya kwanza ya mionzi.