Maswali ya Wasomaji: Mtoto wa Mbwa na Mbwa Asiowajua

SWALI: Ndugu Mwandishi, nina mtoto wa mbwa wa kike mwenye umri wa wiki 9, aliyepata chanjo yake ya kwanza siku 10 zilizopita. Jamaa mmoja ananishauri nisimtoe nje kabisa mpaka amalize chanjo zote. Mwingine ananiambia nimwachie tu acheze na mbwa wa majirani, kwa madai kwamba mbwa mkubwa hawezi kumdhuru mtoto. Juzi mbwa mmoja mkubwa alimkimbilia langoni, naye akalia kwa sauti na kujificha nyuma ya miguu yangu. Tangu siku hiyo anasita kutoka. Nimsikilize nani?

JIBU: Nisingekushauri umfuate yeyote kati yao moja kwa moja, ingawa wote wawili wanakutakia mema. Anayekuambia umfungie ndani anahofia maradhi, na hofu hiyo ina msingi. Virusi vya pavo, vinavyowaletea mbwa ugonjwa hatari wa kuhara na kutapika, hutoka kwa wingi katika kinyesi cha mbwa mgonjwa, hukaa ardhini kwa miezi mingi, wakati mwingine hata kupita mwaka, na sabuni za kawaida haziviui. Tena chanjo moja haitoshi, kwa sababu kinga ambayo mtoto aliipata kwa mama yake kupitia dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, huweza kuizuia chanjo isifanye kazi, na hakuna awezaye kujua kwa kumtazama tu ni lini kinga hiyo imekwisha. Ndiyo maana madaktari wa mifugo huirudia chanjo kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16 au zaidi.

Tatizo ni kwamba kusubiri wiki 16 ni kuchelewa mno. Kuanzia wiki ya 3 hivi hadi wiki ya 12 au ya 14, mtoto wa mbwa huwa mwepesi kuliko wakati mwingine wowote kuyapokea mambo mageni na kuyaona ya kawaida. Watafiti wa Marekani John Paul Scott na John Fuller, waliochapisha matokeo ya kazi yao ya miaka mingi mwaka 1965, ni miongoni mwa walioeleza kipindi hicho kwa kina. Mbwa aliyefungiwa wakati huo anaweza kukua akiwaogopa wenzake, na woga ni mojawapo ya sababu kubwa zinazomfanya mbwa aume. Kwa hiyo wiki chache zilizobaki kwa mtoto wako ni za thamani, na zitumike kwa uangalifu.

Madaktari wengi wa mifugo huruhusu mikutano iliyopangwa vizuri kuanzia takriban wiki 1 baada ya chanjo ya kwanza, maadamu mtoto ni mzima. Mwulize daktari wako, kwa kuwa yeye ndiye anayejua ni maradhi gani yamezuka mnakoishi. Mikutano hiyo ifanyike katika ua safi wa mtu unayemfahamu, pamoja na mbwa mzima wa afya ambaye chanjo zake hazijapitwa na wakati. Mahali wanapopita mbwa wengi wasiojulikana, mbebe mikononi, umwache atazame na kusikiliza bila kukanyaga chini.

Sasa nije kwa jamaa yako wa pili, ambaye ushauri wake unanitia wasiwasi zaidi. Dai kwamba mbwa wakubwa hawawadhuru watoto limewaponza watoto wengi wa mbwa. Wapo mbwa wazima wenye subira ya ajabu, lakini wapo pia ambao hawajawahi kuishi na mtoto, wasiopenda kurukiwa usoni, au ambao kiumbe kidogo kinachokimbia na kulia huwaamshia hamu ya kuwinda. Hata mbwa mwenye nia njema anaweza kumwumiza mtoto kwa uzito wake tu, hasa shingoni na machoni. Usikubali kuambiwa, "Wangu hana neno." Uliza iwapo amewahi kukaa na watoto wa mbwa, na alifanya nini walipomchokoza. Unayemtafuta ni mbwa mtulivu, ikiwezekana asiyemzidi mtoto wako sana kwa umbo, ambaye akichoshwa huondoka badala ya kupambana. Mmoja wa namna hiyo ana faida kuliko kundi zima la mbwa wachangamfu, nami ningefurahi mtoto wako akutane na watatu kama huyo katika mwezi mzima kuliko akutane na ishirini ovyo ovyo.

Siku ya kukutana, ondoa vyakula, mifupa na vitu vya kuchezea, maana mara nyingi ugomvi huanzia hapo. Kila mbwa ashikwe na mtu wake kwa kamba iliyolegea, kwa kuwa kamba ikikazwa mbwa huhisi amebanwa na huweza kugeuka mkali. Anzeni kwa kutembea upande mmoja mkiwa mbali, umbali ambao mtoto anaweza kumtazama mwenzake kisha akakugeukia na kula kipande cha chakula mkononi mwako. Akikataa chakula anachokipenda siku zote, mko karibu mno. Punguzeni umbali kidogo kidogo. Wanapofikiana, wasielekezwe uso kwa uso, kwa sababu mbwa wenye adabu husogeleana kwa kuzunguka ubavuni na kunusana kwa nyuma. Waache wanusane kwa sekunde 3 hivi, umwite mtoto kwa furaha, umpe chakula, kisha umruhusu arudi akitaka.

Maneno hayo, "akitaka", ndiyo kiini cha jibu langu. Usimsukume mtoto mbele, wala usimshike mikononi ili mwingine amnuse, kwa sababu asiyeweza kukimbia hujifunza kwamba mbwa mgeni ni balaa lisilokwepeka. Mpe pa kujificha: nyuma ya miguu yako, au chini ya kiti ambacho mkubwa hawezi kupenya. Mtoto wako alipojificha kwako juzi alifanya jambo la busara, na wajibu wako ni kusimama imara ili aone kwamba kimbilio hilo linafaa.

Jifunze pia kuusoma mwili wake, kwa sababu mbwa husema mengi kabla ya kulia. Kulamba pua wakati hakuna chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza kichwa, kufyata mkia na kuonyesha weupe wa macho ni dalili kwamba anaomba nafasi. Kwa mbwa mkubwa, tahadhari na mwili uliokakamaa, mdomo uliofumbwa ghafla, mkia uliosimama wima na macho yasiyobanduka. Mchezo wa kweli hauna ukakamavu: mmoja huinamisha kifua chini makalio yakiwa juu, hukimbizana kwa zamu, na mkubwa hujilaza makusudi ili mdogo amshinde. Ukiwa na shaka, mzuie mkubwa kidogo. Mtoto akimfuata tena, anaufurahia mchezo. Akitumia nafasi hiyo kuondoka, mchezo umekwisha. Kwa vyovyote, dakika 5 hadi 10 zinatosha, kwani mtoto wa umri huo hulala sehemu kubwa ya siku, na uchovu humtoa katika mchezo na kumwingiza katika kuuma.

Kwa kuwa wako ameshatishwa, rudi nyuma kidogo. Kwa siku kadhaa mwonyeshe mbwa watulivu kwa mbali tu, akiwa mikononi mwako, na kila anapomwona mmoja apate kipande kitamu. Langoni mtoke wakati pametulia. Akianza kuangalia nje kwa udadisi na mkia uliolegea, ndipo umtafutie rafiki wa kwanza.

SWALI: Mbwa wangu mzee humngurumia mtoto wa mbwa tuliyemleta nyumbani. Je, nimchape?

JIBU: Hapana, tafadhali. Kunguruma ni onyo, na mbwa anayeadhibiwa kwa kuonya huweza kujifunza kuuma bila kuonya. Mwondoe mtoto kwa upole na umtengee mzee sehemu ambayo mdogo hafiki, kila mmoja ale mahali pake, na wasiachwe pamoja bila mtu mpaka uwe na hakika nao. Karipio fupi lisiloacha jeraha, ambalo mtoto hulisahau mara moja, ni malezi ya kawaida. Lakini mzee akimwandama mtoto anayejaribu kuondoka, au mtoto akianza kuishi kwa kujificha, waonyeshe daktari wa mifugo; mbwa mzee anayeumwa viungo huwa na subira fupi, na huenda kinachohitajika ni tiba.

SWALI: Nifanye nini mbwa asiyefungwa akitujia mbio tukiwa barabarani?

JIBU: Usikimbie wala usipige kelele. Jiweke kati yake na mtoto, umtupie mgeni konzi ya chakula chini, mbele yake, kisha mwondoke kwa kuzunguka pembeni. Ukiamua kumnyanyua mtoto, fanya hivyo mapema, mgeni akiwa bado mbali, na umpe mgongo, kwa maana kumnyanyua dakika ya mwisho humvutia mwingine aruke. Wakishikana, usiingize mikono kati ya vinywa. Tumia maji, kishindo kikubwa, au ubao wa kuwatenganisha. Mtoto aliyeumwa apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni kitundu tu, kwa sababu meno huchana nyama ya ndani ngozi ikionekana nzima. Na ukiumwa au kukwaruzwa wewe, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali bila kuchelewa, kwani kinga ya kichaa cha mbwa hufaa kabla ya dalili kuanza.