Picha ya skrini ya kuingia: kwa nini Print Screen inagoma, na njia zilizonifaa

Ndugu uliyeuliza, nimekuelewa. Unaandaa mwongozo wa watumiaji wapya, unataka picha safi ya skrini ya kuingia, ile yenye kisanduku cha nenosiri, na kila ukibonyeza Print Screen huambulii kitu. Nami niliwahi kupewa kazi ya mwongozo kama huo, na picha ya ukurasa wa kwanza peke yake ilinila siku mbili nzima.

Siku hizo mbili nilizipoteza kwa kuhangaika na programu za kupiga picha. Moja ilikuwa na kipima muda. Nikaiwekea sekunde 10, nikafunga skrini haraka ili kisanduku cha nenosiri kitokee, nikangoja. Nilipoingia tena nikakuta picha nyeusi tii. Nikaifuta nikaweka nyingine, matokeo yale yale. Nilizilaumu bure.

Programu unayoifungua inaishi ndani ya kipindi chako, yaani kazi inayoanza baada ya wewe kuingia. Skrini ya kuingia ya Windows huchorwa mahali pengine kabisa, kwenye eneo linalolindwa na Winlogon, yaani sehemu ya Windows inayosimamia kuingia, na programu za mtumiaji haziruhusiwi kuona kilichomo. Wamefanya makusudi, na nawaunga mkono: mlango ukifunguliwa kwa programu yako ya picha, umefunguliwa pia kwa programu ya mwizi wa nenosiri. Ndiyo sababu tangu Windows NT ya mwaka 1993 watu walibonyeza Ctrl+Alt+Del kabla ya kuingia. Mchanganyiko huo hupokelewa na mfumo wenyewe, programu ya kawaida haiwezi kuudaka, kwa hiyo mtu alikuwa na hakika kwamba kisanduku kilicho mbele yake si cha bandia.

Ukishaliona hilo, utaacha kutafuta programu, utaanza kutafuta pa kusimama, nje ya kompyuta unayoipiga picha.

Kwangu mimi pa kwanza ni mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya dirisha la kompyuta yako, na ukiwa na nafasi kwenye diski usisumbuke na kingine. Weka VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, sakinisha ndani yake mfumo ule ule wanaoutumia watu wako, uuwashe, uache ufike kwenye kisanduku cha nenosiri. Hapo mfumo wa ndani unajilinda dhidi ya programu zake, lakini kwa kompyuta ya nje ile yote ni dirisha tu. Bonyeza Host+E (kitufe cha Host kwa kawaida ni Ctrl ya kulia) na picha inahifadhiwa, skrini ya ndani peke yake bila fremu ya dirisha. Ukipenda amri, mashine ikiwa inaitwa Mwongozo:

VBoxManage controlvm "Mwongozo" screenshotpng kuingia.png

Na kama mfumo wa ndani unadai Ctrl+Alt+Del, tumia Host+Del, la sivyo ni kompyuta yako ya nje itakayoitikia. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba unapanga kila kitu mwenyewe: ukubwa wa skrini, mandhari, jina la mtumiaji wa mfano. Msimamizi akisema picha irudiwe kwa lugha nyingine, ni kazi ya dakika chache.

Ikibidi iwe mashine halisi yenye Windows 10, kuna jaribio dogo la kufanya kwanza. Ukiwa tayari umeingia, funga skrini kwa Windows+L, bonyeza Print Screen pale pale, kisha ingia, fungua Paint na ubandike. Kwangu ilikubali.

Utakutana na ushauri wa kubadilisha faili la utilman.exe ili kitufe cha ufikivu kwenye skrini ya kuingia kifungue programu ya picha. Nakusihi usifanye hivyo kwenye kompyuta ya kazi. Njia hiyo hiyo ndiyo wanayoitumia watu kupata dirisha la amri lenye mamlaka yote ya mfumo bila kujua nenosiri. Ukisahau kuirudisha ilivyokuwa, umemwachia mlango wazi yeyote atakayeketi mbele ya mashine hiyo.

Upande wa Linux inategemea nani anachora skrini ile. Penye LightDM (programu inayoonyesha skrini ya kuingia) juu ya X11 (mfumo wa kuchora madirisha), niliingia kwa ssh, yaani kwa amri kupitia mtandao, kutoka kompyuta ya pili, nikiwa na mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mfumo, nikaandika:

DISPLAY=:0 XAUTHORITY=/var/run/lightdm/root/:0 import -window root /tmp/kuingia.png

Amri ya import inatoka kwenye ImageMagick, kifurushi cha zana za picha. Usiifanye kwa kuhamia konsoli (skrini ya maandishi matupu) nyingine ya mashine ile ile kwa Ctrl+Alt+F3, kwa sababu ukihama skrini ya picha haichorwi tena na unaweza kupata weusi mtupu. Wenye SDDM, programu nyingine ya skrini ya kuingia, wana raha zaidi: sddm-greeter --test-mode hufungua skrini ya kuingia kama dirisha la kawaida, unaipiga kama kitu kingine chochote.

Mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta), au PIN ya BitLocker (ulinzi wa diski wa Windows) inayoulizwa kabla Windows haijapanda, haifikiwi kwa lolote kati ya hayo kwenye mashine halisi. Hapo tumia kifaa cha kunasa video cha HDMI kilichochomekwa kwenye kompyuta ya pili. Simu nayo inafaa ukikosa vyote: zima mwanga wa flashi, punguza mng'ao wa skrini, na usogee nyuma kidogo kisha uvute picha karibu, mistari ya mawimbi itapungua.

Jambo moja liliniumiza. Toleo la kwanza la mwongozo wangu lilitoka likiwa na jina la mwenzangu, kwa kuwa skrini ya kuingia huonyesha mtumiaji wa mwisho, na wakati mwingine barua pepe yake nzima. Nililiziba kwa kuweka mstatili mweusi juu ya picha ndani ya hati yenyewe. Mtu mmoja akausogeza pembeni kwa kipanya, jina likaonekana lote. Tangu hapo naziba ndani ya programu ya picha, kwa rangi nzito isiyopitisha kitu, nahifadhi PNG mpya, ndipo naiingiza kwenye hati. Kuweka ukungu hakutoshi, maandishi makubwa bado husomeka.

Hukutaja watu wako wanatumia mfumo gani. Ukisema, na kama mashine yako ina angalau GB 8 za RAM, nitakuandikia hatua za mashine pepe moja baada ya nyingine.